Nusu ya Wimbo

Mwanamke anayeimba country Nairobi huulizwa swali lile lile kila mara: "Kwani wewe ni Mmarekani?" Mimi hujibu kwamba ni wa Kinangop. Kwetu baba alikuwa akianika mawe ya redio juani yapate nguvu kidogo, na jioni tulimsikiliza Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton hadi sauti ikazama. Kizungu hatukukielewa chote. Lakini nyimbo za milima, baridi na mama aliyeachwa nyumbani hazikuhitaji mkalimani.

Siku hizi naimba kila Ijumaa katika baa moja, nikiwa na gitaa na kofia ya mtumba niliyonunua Gikomba. Wateja wanaagiza nyama choma na kuomba nyimbo za watu wengine. Nikianza wangu, wanaenda chooni. Sisemi kwa uchungu, ndivyo kazi ilivyo.

Miaka mitatu iliyopita, mwenye studio mmoja alisikia wimbo niliomtungia mama baada ya mazishi yake. Akaniita. "Dada, huu ni pesa. Nitakurekodia bure, niupeleke redioni. Wewe tia sahihi tu." Karatasi zilikuwa mbili. Katika ile ya pili iliandikwa kwamba nusu ya haki za utunzi ni zake, milele. Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili, na mtoto alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Nikaomba siku moja nifikirie.

Usiku ule nilimfikiria Dolly. Alizaliwa 1946 huko milimani Tennessee, wa nne kati ya watoto kumi na wawili, baba yake hakujua kusoma. Mwaka 1964, siku moja tu baada ya kumaliza shule, akashika njia ya Nashville. Tangu 1967 aliimba katika kipindi cha televisheni cha Porter Wagoner, na alipotaka kujitegemea alimtungia bosi wake wimbo wa kumuaga, I Will Always Love You. Mwaka 1974 ukashika namba moja katika country. Elvis Presley akautaka. Meneja wake, Colonel Tom Parker, akasema sawa, lakini kwanza tupewe nusu ya haki. Dolly akakataa, akalia usiku kucha. Mwaka 1992 Whitney Houston akauimba katika filamu ya The Bodyguard, ukakaa namba moja Marekani wiki 14, na mwenye wimbo akavuna jasho lake.

Hadithi hii watu huipendea mwisho wake. Mimi usiku ule niliona katikati yake: zaidi ya miaka kumi na mitano ya kungoja kitu ambacho hakuna aliyekiahidi. Tena Dolly alipokataa, wimbo ulikuwa umeshafika juu. Hakuwa akidaiwa karo.

Asubuhi nilirudi studio nikauliza kama asilimia kumi ingetosha. Yule bwana akacheka, akazirudisha karatasi kwenye faili. Nikauza spika zangu, mtoto akarudi shuleni. Kodi nililipa kidogo kidogo, huku nikimkwepa mwenye nyumba kama mwizi.

Nilifanya vyema? Kuna siku naona ndiyo, na kuna siku nikisikia redio kwenye matatu najiuliza kama nusu ya kitu si bora kuliko kitu kizima kilicholala sandukuni. Wimbo wa mama haujarekodiwa mpaka leo. Naumalizia nao kila Ijumaa, saa sita usiku, baa ikiwa karibu tupu. Mhudumu mmoja ameshaushika wote. Huuimba huku akipanga viti juu ya meza.

Nawe ndugu unayetunga mashairi na hadithi, siku watakapokuletea karatasi, mimi sitakuamulia. Ila isome ile ya pili.