Mtumishi wa Talanta Mbili



Wapendwa taifa la Mungu, mfano wa talanta ulioko katika Injili ya Mathayo sura ya 25 huwa tunausoma kanisani mwezi Novemba, Dominika ya 33 ya Mwaka A. Mimi hunijia kichwani kila mwezi Julai, wakati Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha sita. Katika mfano ule wapo watumishi watatu, nasi wahubiri aghalabu humsifu yule aliyepewa tano, au humkaripia yule aliyeifukia moja yake ardhini. Yule wa katikati, aliyepewa mbili, tunampita kama basi linavyopita kituo kisicho na abiria.

Mwinjili hatuambii kwamba mtu huyu alinung'unika kwa kupewa pungufu ya mwenzake. Hatuambii pia kwamba alikopa talanta tatu kwa jirani ili naye aonekane mtu wa tano. Alikwenda akafanya biashara kwa alichokuwa nacho, akarudi na nne. Na pongezi aliyopewa na bwana wake ni ile ile aliyopewa wa kwanza, haikupunguzwa hata neno. Tena zile mbili hazikuwa kitu kidogo. Talanta moja ilikuwa sawa na dinari kama 6,000, na dinari moja ndiyo iliyokuwa ujira wa kibarua kwa siku. Talanta mbili, basi, ni ujira wa siku 12,000: kibarua asiyepumzika hata siku ya Sabato angezipata baada ya miaka zaidi ya 30. Huyo ndiye mtu wa wastani katika Injili.

Nayasema haya kwa sababu wiki hizi ofisi ya parokia imegeuka kuwa ofisi ya udahili. Wanakuja wazazi na vijana wao, mkononi karatasi ya matokeo iliyokunjwa mara nne, daraja la tatu, na nia ya kusoma biashara, uhasibu, au ununuzi na ugavi. Wananiuliza, "Baba Paroko, aombe chuo kipi?" Hilo ndilo swali linalosemwa. Lililofichika chini yake mara nyingi ni hili: aibu hii tuiweke wapi?

Mwaka jana alikuja mzee mmoja wa kigango chetu pamoja na binti yake. Binti alikuwa amesoma Uchumi, Biashara na Uhasibu, akapata D katika Biashara na E katika hayo mawili mengine. Kwa hesabu ya Baraza la Mitihani hiyo ni daraja la tatu, pointi 14. Mzee alikuwa amesikia redioni kwamba shahada inahitaji pointi 4, akafurahi sana, kwani mwanawe alikuwa nazo 14! Ilinibidi nichukue kalamu. Baraza la Mitihani huhesabu A kuwa 1, B kuwa 2, hivyo hivyo hadi E kuwa 5. Mwenye idadi ndogo ndiye aliyefaulu zaidi. Tume ya Vyuo Vikuu huhesabu kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, nayo hutazama masomo mawili. Kwa hesabu hiyo ya pili binti alikuwa na pointi 3, ilhali zinatakiwa 4. Alipungukiwa moja. Sijui ni nani aliyeona busara kuwapa wakulima wetu mizani mbili zinazopingana, lakini ndizo tulizo nazo, na kila mzazi yampasa kuzijua kabla hajauza kitu.

Maana mzee alikuwa tayari kuuza. Mtu mmoja mjini alikuwa amemwahidi kwamba kwa malipo fulani binti angeingizwa shahada "kwa njia ya pembeni" katika chuo kikuu kimoja cha mbali. Mzee alipanga kuwapeleka mnadani maksai wake wawili, wale wale wanaolima shamba la familia nzima.

Nilimwambia, "Mzee wangu, maksai wakishakwenda, mwakani mtalima na nini?"

Akanijibu, "Baba, mtoto wa jirani yupo Mlimani. Mimi niseme wangu anasoma diploma?"

Binti alikuwa kimya muda wote huo. Nilipomwuliza yeye anataka nini, alisema kwa sauti ndogo kwamba anataka kazi ya vitabu vya hesabu, kwa sababu ndiyo anayoiweza. Mama yake ni mwanachama wa kikundi cha vikoba, na tangu kidato cha pili binti huyu ndiye aliyekuwa akiandika daftari lao, wakati wenye funguo tatu za sanduku wakisubiri aseme kama jumla imelingana. Nikajisemea moyoni: hizi hapa talanta mbili, na zimekwisha kuanza kuzaa.

Basi tukaketi kutazama njia zilizopo. Kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea ni njia halali, ila inakula mwaka na haina hakika. Kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria ni njia halali pia. Humfikisha mtu shahada, lakini humtaka ajisomee mwenyewe kwa nidhamu kubwa. Ipo na ile ya stashahada. Mhitimu wa kidato cha sita huweza kuianza akiwa na ufaulu mkuu mmoja, yaani kuanzia E, na ufaulu mdogo mmoja, yaani S, japokuwa baadhi ya kozi huongeza masharti yake. Huisoma miaka miwili, na akimaliza kwa wastani wa 3.0 katika kipimo cha 5, mlango wa shahada humfungukia. Jumla ni miaka mitano badala ya mitatu, hilo siwezi kulificha. Lakini katikati ya safari anakuwa na cheti kinachoweza kumpatia kazi.

Ni chuo kipi, basi? Wengi hutazamia kwamba padre atasema SAUT. Nakipenda chuo hicho. Ni mali ya Baraza la Maaskofu wetu tangu mwaka 1998, na mizizi yake ni ile taasisi ya Nyegezi iliyoanzishwa na Askofu Joseph Blomjous mwaka 1960. Lakini cheti cha ubatizo si kigezo cha kuchagulia chuo cha uhasibu. Ada ya SAUT ilinganishwe na ya vyuo vya serikali, na atakayeona inambana asijisikie amelikimbia Kanisa. CBE ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1965, nayo imekuwa na kampasi Mwanza tangu mwaka 2007. Taasisi ya Uhasibu, TIA, nayo ina kampasi Mwanza. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilichoanza kama chuo cha ushirika mwaka 1963, kina tawi lake Kizumbi, Shinyanga. Na katika nchi ya pamba kama yetu, kijana anayejua hesabu za ushirika si mtu wa kudharauliwa. Vijana wengi hukimbilia Dar es Salaam kwa sababu ya jina la jiji. Chumba cha kupanga, nauli na chakula cha kule vinaweza kuizidi ada yenyewe, wakati Mwanza kuna shangazi mwenye kitanda cha ziada.

Lipo jambo lingine linalowapunguzia wengi hofu nikilieleza. Anayetaka kuwa mhasibu mwenye CPA hukutana na mitihani ya Bodi ya Wahasibu, NBAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Karatasi ya mtihani ni ile ile kwa aliyesoma chuo chenye jina na kwa aliyesoma chuo cha mkoani. Mtu wa ununuzi na ugavi naye ana bodi yake na mitihani yake. Kwa hiyo afadhali chuo ambamo kijana ataelewa mizania na kuuliza maswali bila kuona haya, kuliko kile ambamo atakaa nyuma ya ukumbi akinakili asichokielewa.

Kuhusu mikopo, msiwategemezee vijana matumaini ya uvumi. Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/2024, kwa fani zilizoainishwa na serikali, si kwa fani zote. Someni mwongozo wa mwaka husika, na familia ipange kana kwamba mkopo hautapatikana.

Na kwa wale wa kidato cha nne wanaoomba ngazi ya cheti: hutakiwa ufaulu wa masomo manne, na masomo ya dini hayahesabiwi. Nami niliyefundisha somo hilo kwa miaka kadhaa hulitamka kwa uchungu kidogo, lakini kijana mwenye D tatu na B ya Maarifa ya Biblia bado ana masomo matatu tu.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, tazameni kama chuo kimesajiliwa na NACTVET, ambalo wengi wenu bado mnaliita NACTE, na kama kozi yenyewe imeidhinishwa. Vyuo viwili vinaweza kuwa na ukuta uliopakwa rangi ile ile, kimoja kikawa na usajili na kingine kikawa na bango tu. Maombi ya stashahada za biashara hupelekwa chuoni moja kwa moja. Hakuna "mtu wa kati" anayehitajika. Aliyemwahidi mzee wetu njia ya pembeni alizima simu siku ile ile alipoulizwa namba ya usajili.

Binti aliomba vyuo vitatu, viwili vya Mwanza na Kizumbi. Maksai hawakwenda mnadani. Mzee aliuza mtamba mmoja na mama akakopa kidogo katika kikundi chake. Watu wakimwuliza mzee, hujibu tu kwamba mwanawe "yuko chuo", kisha hubadilisha mazungumzo. Namwacha, kwani moyo nao una mwendo wake.

Jumamosi hii, baada ya Misa ya asubuhi, walimu wawili wa parokia yetu pamoja na viongozi wa VIWAWA watakuwa katika ukumbi mdogo kuwasaidia vijana kusoma miongozo ya udahili na kujaza maombi. Njoo na karatasi yako ya matokeo na cheti cha kuzaliwa. Kila mmoja atasikilizwa peke yake, na hakuna atakayesoma matokeo ya mtu kwa sauti.

Mungu awabariki.

Padre wenu, Paroko