Mtoto Aliyeziba Masikio

Mwaka huu niliombwa niandike kuhusu adabu za mwanafunzi. Naomba radhi, nitaandika kuhusu kosa la mwalimu.

Miaka mitatu iliyopita mama mmoja alishuka kutoka Mamba, akahamia hapa Same mjini kwa dada yake, akawa anauza tangawizi sokoni. Alituletea mwanawe wa miaka minane. Nitamwita Swalehe, ingawa si jina lake. Alikuwa na maneno machache, na hayo aliyarudiarudia. Akikaa mkekani alijitikisa mbele na nyuma. Viatu vya wenzake mlangoni alivipanga kwa ukubwa kila siku, na ole wake atakayechomoa ndara yake kabla ya wakati! Tabu ilikuwa kisomo. Sisi tunasoma kwa pamoja, watoto sitini, sauti juu, na siku hizo kamati ilikuwa imetununulia kipaza sauti. Darasa likianza tu, Swalehe huziba masikio na kupiga mayowe.

Nilimhesabu mtukutu. Siku moja nikampiga fimbo mbili mbele ya wenzake. Hakulia kama wanavyolia watoto. Alijigonga kichwa ukutani mpaka wanafunzi wakubwa wakamshika. Jioni mama yake alikuja, wala hakunigombeza. Alisema, "Ustadhi, nilidhani huku atapata nafuu," akamchukua mwanawe.

Wenzangu walinituliza kwa fiqhi. Asiye na akili timamu, walisema, kalamu imeinuliwa kwake. Hana dhambi wala faradhi, basi hata asiposoma hapungukiwi. Hukumu hiyo ni ya kweli, nami nimeisomea. Lakini kusema kwamba mtoto hadaiwi swala si sawa na kusema kwamba sisi hatudaiwi kumfundisha. Na tena, nani alituambia Swalehe hana akili? Alijua ndara za watoto sitini, ipi ya nani. Mimi mwenyewe sizijui hadi leo.

Aliyenifumbua macho ni binti aliyesoma juzuu zake hapa hapa, kisha akasomea shahada ya elimu maalumu Lushoto, katika chuo kikuu chenye jina la Askofu Kolowa kilichofunguliwa mwaka 2007. Ni milima ile ya Usambara wanayoiona ndugu zetu wa Ndungu wakitazama ng'ambo ya bonde. Sasa anafundisha shule ya msingi wilayani kwetu. Nilipomsimulia alinyamaza kidogo, akasema, "Maalim, huo ni usonji."

Neno hilo sikuwahi kulisikia katika stashahada yangu. Akanieleza kwamba mwaka 1943 daktari Leo Kanner huko Marekani aliandika habari za watoto 11 wa namna hii. Si wazimu wala si mashetani, na chanjo haiuleti. Ni ubongo unaoipokea dunia kwa namna yake: sauti ambayo kwangu ni ya kawaida, kwake inaweza kuwa kama msumari sikioni. Akaniambia pia, na hili lilinifurahisha, kwamba siku ya usonji duniani, Aprili 2, ilipitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007 kwa pendekezo la Qatar.

Tulikwenda wote wawili kwa mama Swalehe. Niliomba msamaha mbele ya mtoto, ambaye hakuniangalia hata mara moja. Tangu hapo anakuja nusu saa kabla ya wenzake, bila kipaza sauti, anasoma kwa herufi za mbao alizochongewa na fundi mmoja jirani. (Kipaza sauti chenyewe kiliungua baadaye, wala sikusikitika.) Anapanga herufi kwa mfuatano, halafu anazisoma kwa sauti ndogo. Amefika herufi ya swad, ya jina nililompa humu.

Sasa jambo lenyewe. Binti yule amekubaliwa kusoma shahada ya uzamili ya elimu maalumu, na hana ada. Tuna chuo cha ualimu cha Patandi, Tengeru, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Lakini walimu hao nao lazima wawe na wa kuwafundisha, na hapo ndipo uzamili unapohitajika. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imeelekea hasa kwenye shahada ya kwanza, tena kwa deni. Samia Skolashipu iliyoanza mwaka 2022 ni ya waliofaulu masomo ya sayansi. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah imefadhili vijana wa Kiislamu tangu miaka ya 1980, na wazee wetu hapa wakisikia ufadhili huwaza daktari au mhandisi. Mwalimu wa mtoto asiyesema hayumo katika ndoto zetu.

Nililipeleka suala hili kwenye kamati. Fedha iliyopo ilichangwa kwa ajili ya uzio na rangi. Mmoja akauliza, akisoma asirudi je? Swali zuri. Wamarekani wamelijibu. Mwaka 1958 Rais Eisenhower alitia saini sheria ya kugharimia watu watakaowafundisha walimu wa watoto wenye ulemavu wa akili, na siku hizi mnufaika wa ufadhili wa namna hiyo huko hutakiwa kufanya kazi miaka miwili kwa kila mwaka aliofadhiliwa, la sivyo hurudisha fedha. Nasi tunaweza kuandikiana. Mwingine akasema watoto wenyewe ni wachache. Nikamwomba ahesabu, kuanzia Hedaru mpaka Gonja, wale wanaofungiwa ndani wageni wakija. Hakujibu. Nyumba nyingine tunazijua sote.

Wachangaji wa uzio wana haki yao, hilo sikatai, na fedha ya mtu haigeuzwi nia bila kuulizwa. Kwa hiyo tumekubaliana waulizwe mmoja mmoja. Orodha ninayo mimi. Mpaka naandika haya, kumi na wanne wamekubali, sita wamekataa, na mmoja amesema nimrudie baada ya mavuno ya tangawizi. Ada inatakiwa kabla ya chuo kufunguliwa. Jumamosi nitapanda gari la Mamba.