Barabara ya Voi na Maana Zake

Msafiri ashukaye Voi na kuuliza barabara, yampasa aseme ni ipi. Nilipofika huko mara ya kwanza nilimwuliza kijana mmoja nyumba ya mwenyeji wangu, naye akanijibu, "Fuata barabara tu, mzee, utaiona." Nikashika ile kubwa itokayo Mombasa kwenda Nairobi, nikatembea mpaka nyumba zikaniishia, mbele yangu pori na udongo mwekundu wa Tsavo. Kumbe alikusudia ile ndogo ya vumbi ipitayo nyuma ya soko!

Neno hili lina mambo. Likitamkwa kwa mkazo juu ya silabi ya tatu, ni njia pana. Mkazo ukirudi kwenye silabi ya pili, maana yake ni sawasawa, kama ipasavyo, na asili yake ni Kiajemi. Watu wa zamani walikuwa pia na neno baraste, yaani njia iliyotengenezwa. Kule Dar es Salaam njia ya mjini huitwa mtaa, hali kwetu mtaa ni mahali watu wakaapo.

Kwa mkulima wa Taveta maana hizo mbili zilichelewa sana kukutana. Kutoka Voi hadi Mwatate lami ilikuwapo. Lakini toka hapo, kupita Bura na Maktau, ilikuwa vumbi wakati wa jua na matope wakati wa mvua, na ndizi ziliivia juu ya lori. Reli ilitangulia mbali, maana jeshi la Waingereza liliijenga katika Vita vya 1914-1918. Lami ilifika Taveta katika miaka ya 2010.

Lakini iko maana nyingine, nayo ndiyo iwatiayo watu hasara. Kwa mchuuzi, barabara ni lami basi. Kwa mpima ardhi, ni lami pamoja na ardhi iliyotengwa pande zote mbili, hata kama nyasi zimeota na mbuzi wanalisha. Ajengaye hapo huamka siku moja akakuta alama ya X nyekundu ukutani. Tena barabara zina wenyewe mbalimbali: Sheria ya Barabara ya 2007 iliweka mamlaka tatu, moja ya barabara kuu, moja ya miji, moja ya mashambani, na Katiba ya 2010 ikazipa kaunti barabara zao. Mwenye kulalamikia shimo na aulize kwanza ni la nani, asije akapeleka barua yake kwenye ofisi isiyo yake.

Mama mmoja auzaye maembe kando ya barabara kuu alinionyesha jiwe la mpaka. Lilikuwa nyuma ya kibanda chake, hatua nyingi, karibu na mti.

"Unaona, baba?" akasema. "Magari yako kule, na mimi ndimi niliyekaa barabarani."