Upinde Uliomshinda Mzee

Wiki mbili sijaandika hapa, na baadhi yenu mmenitumia ujumbe mkiuliza kama niko salama. Niko salama. Nilikuwa natafuta upinde.

Usicheke. Ninyi wa Mbeere, Tharaka na Ukambani mmenielewa tayari. Ninyi wa Nairobi ngojeni niwaeleze. Ukipita usiku katika vituo vyetu vidogo, kuanzia Kiritiri hadi Siakago, utamwona mlinzi amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka, koti zito, kofia ya sufu, na magotini ana upinde na mishale. Si mapambo. Bunduki hana, na rungu linataka mwizi akukaribie kwanza. Mshale unaongea kutoka mbali.

Kanisa letu nalo lina mlinzi wa aina hiyo, mzee ambaye ametulindia mlango kwa miaka 14. Mwezi wa tatu wezi walikuja usiku, wakavunja dirisha la nyuma, wakachukua amplifaya, maikrofoni mbili na betri ya sola. Mzee aliwaona. Alipiga kelele mpaka majirani wakaamka. Lakini hakurusha mshale hata mmoja.

Kamati ikakaa. Mzee mmoja wa kanisa akasema tuajiri askari wa kampuni kutoka mjini Embu. Mweka hazina akatucheka kwa upole na kufungua daftari lake. Mwingine akasema shida ni ule upinde, umezeeka kuliko kanisa lenyewe, mwacheni mzee apewe upinde mpya, tena wenye nguvu. Wote wakaitikia. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuzwa na mbuzi na mishale, kazi ya kuuchagua ikaniangukia.

Kweli nilikuzwa nayo. Baba yangu aliwinda ujana wake wote katika nyika ya kuelekea mto Tana, kabla ya mabwawa kujengwa. Kisha serikali ikapiga marufuku uwindaji mwezi wa Mei mwaka 1977, na mimi nikazaliwa miaka miwili baadaye, kwa hiyo sikumwona akiwinda hata siku moja. Nilimwona akifukuza nyani kwenye mtama. Uwindaji ulipokufa, pinde za kwetu hazikufa nao, zilihamia kwenye zizi, kwenye shamba la muguka na kwenye milango ya watu wenye mali. Nafikiri hapa kwetu wavulana wa rika langu ndio wa mwisho kufundishwa kuvuta na baba zao. Wangu wanacheza mpira kwenye simu.

Kabla sijanunua chochote niliweka sharti moja mbele ya kamati: hakuna sumu. Mishale yetu mingi ni msumari wa inchi sita uliopondwa na mhunzi ukawa bapa, na hapo nyuma ya ncha ndipo sumu hupakwa. Inatoka kwenye mti ambao Wakamba huuita kivai. Magome na matawi yanachemshwa kwa saa nyingi mpaka maji yanakuwa mazito na meusi kama lami, kisha sumu inafungwa isikauke wala kupigwa na jua. Ikiingia kwenye damu inashika moyo. Mzee mmoja wa kamati akaniambia, “Pasta, mshale bila sumu ni kijiti tu.” Nikamwambia basi tutalindwa na kijiti. Sitasimama madhabahuni Jumapili nikihubiri damu ya Yesu huku nikijua nje ya mlango kuna mtoto wa mtu aliyekufa kwa sababu ya maikrofoni. Hakufurahi. Mpaka leo hajafurahi.

Katikati ya hayo simu ikalia saa tano usiku. Ni kijana wetu aliye Minnesota, huko Marekani, mwana wa kanisa hili kabisa, nilimbatiza mwenyewe. Kule kuwinda kwa upinde ni halali ukiwa na leseni, na msimu wa kulungu wa watu wa pinde hufunguliwa katikati ya Septemba. Alikuwa amesikia habari za wezi. Akasema, “Pasta, nanunua upinde mpya mwaka huu. Huu wangu wa zamani niwatumie?”

Anaousema ni ule upinde wa kapi, wenye gurudumu dogo kila ncha na nyaya zinazopishana. Aliyeubuni ni Mmarekani wa Missouri aitwaye Holless Wilbur Allen, aliyepewa hati ya ubunifu wake mwaka 1969. Ujanja wake ni huu. Upinde wetu, kadiri unavyouvuta ndivyo unavyozidi kuwa mzito, na pale mwisho, unapotaka kutulia ulenge, ndipo mkono unatetemeka kabisa. Ule wa kapi ni mzito katikati ya safari, halafu magurudumu yakishageuka uzito unaanguka. Upinde wa pauni 70 unaweza kuushikilia mwishoni kwa pauni 14 au 15, kama ndoo ndogo ya maji. Unatulia, unalenga, hata unaomba.

Nikamuuliza wa zamani una ubaya gani. Kimya. Akasema hauna ubaya, una miaka tisa tu, na huu mpya una kasi zaidi. Nikamuuliza tena, kwa sababu mchungaji husikia kitu nyuma ya kitu. Ndipo akaniambia kwamba msimu uliopita alimpiga kulungu akamjeruhi, akamfuata mpaka giza likaingia, hakumpata. Usiku huo hakulala. Nikamuuliza alikuwa umbali gani. Akasema, “Mbali, Pasta. Mbali kuliko ninavyofanya mazoezi.” Basi tukaomba pamoja kwenye simu. Sikumwambia asinunue. Nilimwambia tu kwamba upinde wenye kasi zaidi utamjeruhi kulungu mwingine kwa umbali mkubwa zaidi.

Nikiri kwamba zawadi ile iliniingia moyoni. Bure, kutoka Marekani, kanisa lina mlinzi mwenye upinde wa magurudumu! Lakini kijana mwenyewe alinieleza kwamba upinde ule hukatwa kwa kipimo cha mwenyewe kama suti. Nyosha mikono yako yote miwili kama msalaba, pima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, gawanya kwa mbili na nusu, huo ndio urefu wa mvuto wako. Yeye ana inchi 74, mvuto wake ni karibu 29 na nusu. Upinde wake unaweza kurekebishwa kati ya 27 na 30, chini ya hapo hauendi. Tena ukiachia uzi bila mshale, hata mara moja kwa kujaribu, unaweza kupasuka mkononi. Na uzi ukichakaa unahitaji mashine maalumu ya kuubana upinde ndipo ubadilishwe. Mashine hiyo Siakago tutaitoa wapi?

Hata hivyo nikachukua futi ya fundi wa nguo nikaenda kumpima mzee, angalau nijue.

Mpendwa, hapa ndipo nataka usome polepole.

Nilikuwa nimeshaandaa na mahubiri. Zaburi ya 78, mstari wa 57, pale Asafu anapowafananisha baba zetu na upinde unaomsaliti mwenye kuutumia. Nilikuwa na pointi tatu na mfano wa upinde wa zamani wa mzee, umechoka, unahitaji kubadilishwa. Yalikuwa mahubiri mazuri. Yako kwenye daftari mpaka sasa, na yatakaa huko.

Mzee alinyosha mikono nikapima, inchi 64. Nikagawanya, 25 na kitu. Ule wa Minnesota ungempita mpaka nyuma ya sikio. Halafu nikamwomba upinde wake niuone. Akasita, akanipa. Nikautazama mti wote, tumbo na mgongo. Hauna ufa. Haujapinda upande. Uzi tu ndio ulikuwa umekwaruzika, wa mshipa wa ng'ombe kama ule wa kale. Nikauvuta, nao ukanijibu vizuri, mgumu, mzima. Nikamrudishia nikasema, “Mzee, hebu uvute wewe nione.”

Akaushika. Akainua. Ulifika kama nusu ya njia, mkono wa kushoto ukaanza kucheza, akaushusha. Akajaribu tena. Akaketi kwenye kile kiti cha plastiki na kuuweka upinde chini, na hakunitazama.

“Pasta,” akasema, “ni bega. Ni mwaka wa tatu sasa.”

Miaka mitatu, kila usiku, alikuwa anakuja na upinde asioweza kuuvuta. Usiku ule wa wezi mshale ulikuwa tayari kwenye uzi. Hakuurusha kwa sababu haukuvutika. Alijua kamati ikijua atapoteza kazi, na ana mjukuu yuko kidato cha tatu, mama yake hayupo. Akaniambia, “Mwanangu, usiwaambie. Ninunulie tu ule wanaousema, wenye nguvu. Nitaubeba.”

Nitaubeba. Neno hilo lilinifuata mpaka nyumbani.

Kwa sababu mimi pia ninajua kubeba. Kuna mwaka, sitautaja, nilihubiri karibu miezi sita bila kuomba. Sauti ilikuwepo, suti ilikuwepo, watu walianguka na kuinuka na kunishukuru mlangoni. Biblia ilikuwa mkononi kama ule upinde magotini mwa mzee, na hakuna aliyejua kwamba siivuti. Nilichoogopa ni kile kile alichoogopa yeye, kiti. Labda wewe unayesoma hapa unaongoza sifa, au unafundisha shule ya Jumapili, au ni baba tu nyumbani ambaye watoto bado wanaamini ana nguvu. Kama ndivyo, leo sikuhukumu. Nilikuwa hapo.

Siku tano nilikaa na siri ile. Kumficha mzee ni kuwadanganya wazee wenzangu, nao ndio wanaolipa. Kumtangaza ni kumvua nguo hadharani. Nikamrudia nikamwambia, “Mzee, sitakusemea, lakini sitanunua upinde wenye nguvu. Nitakaa karibu nawe ukisema mwenyewe.” Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza Elisha alikuwa na miaka mingapi.

Anaijua Biblia yake, yule mzee. 2 Wafalme 13. Elisha ni mgonjwa, ugonjwa ule utakaomuua. Yoashi mfalme anakuja analia. Nabii anamwambia atwae upinde na mishale, na mfalme anapoweka mkono kwenye upinde, Elisha anaweka mikono yake juu ya mikono ya mfalme. Dirisha la mashariki linafunguliwa, mshale unakwenda. Chuoni nilifundishwa habari ya mishale mitatu na kukata tamaa mapema, nami nimeihubiri hivyo mara nyingi. Sikuwahi kuona kwamba Elisha hakuvuta. Hakuweza kuvuta. Mikono ya mgonjwa ilikuwa juu, ya kijana chini.

Jumapili baada ya ibada mzee alisimama mbele ya kamati akasema yote kwa sentensi nne. Hakulia. Mweka hazina ndiye aliyelia. Nikaleta habari ya Elisha, nikapendekeza kijana mmoja wa kanisa akeshe naye, mzee awe macho na masikio, kijana awe mkono. Yule ndugu wa sumu akanikumbusha kwamba Yoashi naye alipiga mara tatu tu. Tukacheka, na wakakubali. Posho ya mzee imepunguzwa kidogo ili kijana apate kitu, na hilo sikulipenda, lakini ndilo lililowezekana.

Tulivuka mto Thuci kwenda kwa fundi wa pinde upande wa Tharaka, mimi na mzee kwenye bodaboda moja. Fundi hakutuonyesha pinde. Alimshika mzee bega, akalizungusha, akamwambia avute kamba hewani. Kisha akachagua mmoja mwembamba na kuanza kuukwangua kwa kisu upande ule uliokuwa mgumu, anakwangua, anaukunja, anautazama, mpaka pande zote mbili zikapinda sawasawa. Akampa. Mzee akavuta mpaka shavuni. Akashikilia. Shilingi 800, na firimbi nikanunua njiani kwa 50. Fundi alituonya tutoe uzi kila asubuhi, mti upumzike.

Kijana wa Minnesota amenitumia picha. Amenunua mpya, ule wa kasi. Ameandika chini yake kwamba anafanya mazoezi kila jioni.

Upinde wa zamani mzee aliniachia mimi. Nimeutundika nyuma ya mlango wa ofisi, bila uzi. Juzi jioni nilitia uzi nikautoa nje, watu wakiwa wameondoka. Niliuvuta mara nne mpaka shavuni. Mara ya tano bega la kushoto likakataa, nikaurudisha taratibu. Nina miaka 46.