Pikipiki ya Mwendo na Safari ya Kila Siku

Wengi wenu mkisikia habari ya pikipiki kubwa mtafikiri ni habari ya vijana wenye haraka na mama zao wenye machozi. Nami nilifikiri vivyo hivyo. Huko Bukavu nilikuwa motari kwa miaka miwili, nikipandisha watu na mizigo hadi Kadutu kwa pikipiki ya sentimeta za ujazo 125. Kwangu pikipiki ilikuwa chombo cha kutafutia unga, wala si cha kujifurahishia. Lakini sasa nakaa Huy, mji mdogo wa Ubelgiji kando ya mto Meuse, na kazi yangu iko Liège, mwendo wa kilometa 30 hivi, katika jiko la hospitali. Kazi huanza saa kumi na nusu alfajiri. Saa hiyo hakuna gari moshi la kunifikisha, na bei ya motokaa pamoja na bima yake ilizidi mfuko wangu.

Ndivyo nilivyokuja kununua, kwa mtu aliyeitumia kabla yangu, Yamaha MT-07 ya mwaka 2018. Ni ya jamii ile wanayoiita rodista: pikipiki ya barabara isiyo na vazi la mbele la kukinga upepo, injini yake wazi machoni pa watu, umbo lake kama mnyama aliyejikunyata tayari kuruka. Si ndogo, wala si katika zile kubwa za mashindano. Aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka 2014. Ina silinda mbili, sentimeta za ujazo 689, na nguvu za farasi zipatazo 75. Ile yangu ya Kadutu ilikuwa na farasi kama 10, nayo ilibeba watu watatu na gunia.

Siku nilipoileta nyumbani, Mama Neema aliizunguka mara mbili bila kusema neno. Kisha akaniuliza: “Baba Neema, hiki ni chombo cha kwendea kazini, au ni cha kukimbizia roho?” Swali hilo nimelichukua barabarani kwa miezi kumi na minane, jua na mvua, na leo nataka kulijibu bila kuficha.

Vijana hupima pikipiki ya namna hii kwa mwendo wake wa mwisho. Kipimo hicho hakinisaidii kitu, kwa maana njia yangu, barabara ya N90, hainiruhusu kupita kilometa 90 kwa saa, na ndani ya miji ni 50. Ninachohitaji ni nguvu ya katikati: kulipita roli lenye kwenda pole bila kuhangaika na giya, kutoka katika mzunguko wa barabara bila injini kukohoa. Hapo ndipo chombo hiki kinaponistaajabisha. Ule mhimili unaozungushwa na pistoni umetengenezwa ili pistoni mbili zipishane kwa nyuzi 270. Basi milipuko haifuatani kwa nafasi sawa. Mmoja hupiga, wa pili hufuata upesi, kisha kimya kirefu kidogo, halafu tena. Sauti yake ni kama ya mtu mwenye kuchechemea anayekimbia. Faida yake mkono huisikia: unajua jinsi gurudumu la nyuma linavyoshika lami, na nguvu huja mapema, pasipo kuipigisha injini kelele na kuwaamsha watu saa kumi usiku.

Uzito wake ni kilo 180 na kidogo, mafuta yakiwa ndani. Mimi si mrefu, lakini miguu yangu hufika chini. Tangi lake hubeba lita 14. Kwa kuwa hunywa lita nne na kitu kwa kilometa 100, nalijaza baada ya siku nne za kazi, na bado hubaki akiba. Mnyororo naupaka mafuta kila baada ya Jumamosi mbili. Kazi hiyo ni ya dakika kumi, lakini katika mvua ya Ubelgiji asiyeifanya atajuta.

Sasa upepo. Pikipiki zote za jamii hii hazikufichi kitu. Mwezi wa Januari, ukifika kwenye ile minara mikubwa ya Tihange, kifua chako ndicho kioo cha mbele. Sheria ya Ubelgiji tangu mwaka 2011 yadai glavu, koti la mikono mirefu, suruali ndefu na viatu vya kufunika vifundo vya miguu. Baridi yenyewe ingelidai hayo hata pasipo sheria. Mahali pa kuweka mzigo hapana. Mkate na sare ya kazi navichukua mgongoni.

Mwezi wa Novemba uliopita, majani yaliyolowa yalitanda kwenye mzunguko mmoja, nami nilikuwa nimechelewa dakika tano. Nikafungua gesi kama mtu aliyechelewa. Gurudumu la nyuma likateleza upande, mguu wangu ukapiga lami, pikipiki ikajinyoosha. Sikuanguka. Nilisimama kando mikono ikitetemeka. Breki zake zina kifaa cha kuzuia magurudumu yasikwame, lakini cha kuzuia gurudumu lisiteleze unapofungua gesi hakimo. Hicho kilikuja na toleo la mwaka 2025. Hata hivyo kosa lilikuwa la mkono wangu.

Nyumbani nilinyamaza siku tatu. Siku ya nne Mama Neema alikiona kiatu changu, soli imekwaruzwa. Hakunipigia kelele. Alisema tu: “Ukichelewa, watakukata mshahara wa dakika tano. Mimi nitakatwa nini?”

Nikamwambia niko tayari kuiuza. Akakataa kujibu mpaka apande yeye mwenyewe. Jumapili nikamchukua nyuma hadi Seraing, pole pole. Aliposhuka alijinyoosha mgongo, akasema aliyechonga kiti hicho hakuwa na mke. Ni kweli, kwa safari ya wawili, rodista ni mwenyeji mchoyo. Lakini akaongeza kwamba niliendesha vizuri, na kwamba angependa niendeshe hivyo hata asipokuwapo.

Basi tulipatana. Barafu ikitanda, pikipiki haitoki. Mwenzangu wa jikoni hunichukua kwa motokaa yake, nami namlipa mafuta. Tairi hubadilishwa kabla ya kuisha. Natoka nyumbani robo saa mapema. Kwa masharti hayo naihesabu kuwa mtumishi mwema, kuliko nilivyotazamia siku ya kuinunua.

Neema naye anangoja. Sheria yakataza mtoto wa chini ya miaka 8 kupanda pikipiki yenye injini kubwa hivi, naye atatimiza 8 mwezi wa Machi. Kofia yake ngumu nimekwisha kuinunua. Mama yake ameiweka juu ya kabati, mahali nisipofika pasipo kiti.