Kanuni Ije Mwisho

Chumbageni, Tanga

Mpwa wangu mpendwa,

Bibi yako anauliza kama blanketi lile linakutosha kwa baridi ya Lushoto.

Barua yako nimeipata. Unasema kanuni za sauti na za joto umezikariri zote, lakini karatasi ya mtihani ikiwekwa mbele yako hujui ushike ipi. Usivunjike moyo, mwanangu. Akili unayo, umekosa utaratibu tu, na utaratibu unafundishika. Nasaha yangu ni moja: kabla hujagusa kanuni, andika kwa maneno yako kinachotokea, kisha uandike masharti yake. Kanuni ije mwisho.

Chukua swali la mwangwi. Mlango wa bandari yetu ya Tanga umechimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi mita 13 ili meli kubwa zifike gatini. Kina cha namna hiyo hupimwa kwa sauti: chombo kilichofungwa chini ya boti hupeleka mlio, mlio ukagonga sakafu ya bahari na kurudi. Tuseme unaulizwa mlio huo utachukua muda gani, na umepewa kuwa sauti ndani ya maji ya bahari huenda mita 1,500 kwa sekunde. Mwenye haraka atagawa 13 kwa 1,500, naye atakosa. Wewe andika kwanza: sauti inashuka, inagonga, inapanda. Hapo utaona mwenyewe kuwa safari ni mita 26, na jibu ni kama sekunde 0.017.

Sasa masharti. Mita 13 hizo ni za wakati gani? Mvuvi yeyote wa hapa Sahare atakwambia kuwa siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Kina kinachoandikwa kwenye ramani za baharini ni cha maji yaliyokupwa; yakijaa, safari ya mlio inarefuka. Hata mwendo wa sauti hewani una sharti lake, nalo ni joto. Hewa ikiwa nyuzi 0, sauti huenda mita 331 kwa sekunde, na kila nyuzi moja inayoongezeka huongeza karibu mita 0.6. Asubuhi yenu ya nyuzi 15 inatoa 340, ile ile ya kitabuni. Mchana wetu wa kaskazi, nyuzi 30, unatoa 349.

Njoo kwenye joto. Umechota kilo 8 za maji ya nyuzi 20, ukaongeza kilo 2 za maji yanayochemka ili ukaoge. Kinachotokea ni hiki: maji ya moto yanatoa joto, ya baridi yanalipokea, mpaka yote yawe sawa. Kabla ya hesabu unajua tayari kuwa jibu litazidi 20, na litakuwa karibu na 20 kuliko na yale ya moto, kwa kuwa maji ya baridi ndiyo mengi. Ukipata 70, futa, rudia. Kitabu kinasema maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini hiyo ni usawa wa bahari. Hapo ulipo, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, kanieneo ya hewa ni ndogo na maji huchemka karibu na nyuzi 95. Basi 8 mara 20 ni 160, 2 mara 95 ni 190, jumla 350. Gawa kwa kilo 10, upate nyuzi 35. Ungetumia 100 ungepata 36. Kwenye mtihani fuata tarakimu uliyopewa, ila andika: nimechukulia kuwa ndoo na hewa havikuchukua joto.

Nakusisitizia masharti kwa sababu ya kijana aliyesoma kwenye milima hiyohiyo ya Lushoto. Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe ndipo uyatie kwenye friza. Nafasi ilikuwa inakwisha, akayatia yakiwa ya moto. Yake yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyetia ya baridi. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Likizoni rafiki yake aliyeuza aiskrimu hapa Tanga mjini akamwambia kuwa wao hutia ya moto makusudi, yagande upesi.

Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akalipeleka swali hilo kwa Dk. Denis Osborne, mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake walimcheka, lakini Osborne alikwenda kupima. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala yao katika jarida la Physics Education, na jambo lile likabaki na jina la Mpemba duniani kote.

Angalia kosa la waliomkatalia lilikuwa wapi. Ukifuata kanuni ya Newton ya kupoa peke yake, ya baridi yangeganda kwanza; kanuni hiyo ni sahihi kwa masharti yake, lakini maziwa ya moto hutoa mvuke, hupungua, na huzunguka ndani kwa ndani. Wanasayansi bado wanabishana. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walipima upya wakasema hawakuona ushahidi wa maana. Ubishi huo wote unahusu masharti: chombo gani, kiasi gani, umepima kuganda wapi. Asiyeuliza hana ajifunzalo, na Mpemba aliuliza mpaka akasikilizwa.

Kwa hiyo kuanzia leo kila swali lipe mistari miwili kabla ya hesabu: wa kwanza kinachotokea, wa pili unachokichukulia kuwa kweli. Jibu likitoka, liulize kama linawezekana. Nitumie maswali matano uliyoyafanya hivyo, hata uliyokosa. Nitayasahihisha na kuyarudisha kwa basi. Na ukiona jambo jikoni au maabara lisilokubaliana na kitabu, usilifiche. Liandike, lipime tena, kisha mwulize mwalimu wako kwa adabu.

Mungu akufungulie.

Mjomba wako