Daraja la Miguu Lipimwe na Wanaolipita

Mama wapenzi, leo ninataka kuwaelezea habari ya daraja dogo la miguu la mtaa wetu hapa Uvira.

Mnakumbuka usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020. Mto Mulongwe ulifurika, ukabeba watu, nyumba na madaraja. Nyuma ya kwetu kuna mto mdogo. Wakati wa kiangazi mtoto anauvuka bila kulowesha magoti. Usiku ule nao ulishusha mawe na magogo kutoka mlimani, na daraja lake likaenda.

Wababa wakalaza miti miwili ya mikaratusi juu ya maji. Tulipita hapo miezi mingi. Asubuhi moja, nikiwa na beseni la ndagala kichwani, binti yangu mdogo aliteleza mbele yangu. Nilimdaka kwa mkanda wa begi lake la masomo. Ndagala zote zilirudi Tanganyika. Hata leo, nikisikia mvua usiku, mkono huu unakaza.

Alipokuja fundi wa kujenga daraja jipya, alikaa na wababa chini ya mwembe. Sisi tulikuwa tunapika chai. Nilipoleta vikombe, nikamwuliza: "Baba fundi, juu ya daraja hilo atapita nani?"

"Watu wote, mama."

"Basi kesho uje saa kumi na mbili asubuhi, uhesabu."

Alikuja. Karibu wote waliopita walikuwa wamama na watoto.

Tangu siku ile tukaanza kusikilizana. Mama mkwe wangu alimwonyesha alama ya matope ukutani, pale maji yalipofika. Fundi akalipandisha daraja juu ya alama ile. Naye akatueleza kwa nini hataki nguzo katikati ya mto: magogo yanakwama hapo, na maji yanachimba chini yake mpaka daraja linaanguka. Akajenga miguu ya daraja ukingoni, akailinda kwa gabioni, ndivyo vikapu vya waya vilivyojaa mawe.

Sisi tuliomba mambo manne: upana wa kutosha wamama wawili wenye mabeseni wapishane, chuma cha pili, cha chini, ambacho mtoto anaweza kushika, mbao zilizobanana ili mguu mdogo usizame, na mteremko badala ya ngazi, kwa ajili ya mwenye mimba na mwenye fimbo. Mawe na mchanga tulibeba wenyewe.

Sasa, kila baada ya mvua kubwa, tunashuka kuondoa matawi yaliyokwama na kutazama kama waya wa gabioni umekatika. Binti yangu anavuka peke yake.

Mama wapenzi, mahali penu wakianza kupima daraja, msibaki kwenye chai. Jitwisheni mabeseni yenu, mpite mbele ya fundi aone.